Somo la Masoko Linaanzia Ufuoni: Mwongozo kwa Anayesomea Mawasiliano Migori na Homa Bay

Mama anayeuza omena kando ya ziwa kule Sori hana bango wala tangazo la redio. Ana turubai, gorogoro na sauti yake. Ukimwendea kwa mara ya kwanza atakupimia gorogoro likajaa hadi kilele, kisha kabla hujafunga mfuko atachota kiganja kimoja zaidi akuongezee. Nyongeza hiyo haikuja kwa bahati. Amekutazama, amejua hujawahi kununua kwake, na amekadiria kwamba kiganja kimoja cha omena kinatosha kukurudisha wiki ijayo. Mteja wake wa siku zote huenda asiongezewe chochote, lakini yeye hupigiwa simu alfajiri mashua zinapotia nanga, achague kabla ya wengine.

Darasani utaambiwa kwamba tendo la kwanza ni promosheni ya mauzo na la pili ni usimamizi wa uhusiano na wateja. Yashike majina hayo, maana utatahiniwa. Ila usije ukadhani kwamba elimu ilianza siku jina lilipoandikwa ubaoni. Huyo mama anajua anazungumza na nani, anataka mtu huyo afanye nini, na itamgharimu kiasi gani. Mkakati wa mawasiliano hauna zaidi ya hayo matatu, na miaka minne ya chuo kikuu ni ya kukufundisha kuyafanya kwa makusudi, kwa vipimo, na kwa watu wengi kuliko wanaofika kwenye turubai moja.

Nauandika mwongozo huu kwa kijana wa Nyatike, Kuria, Suba, Rachuonyo au Ndhiwa aliyepata nafasi ya kusomea masoko au mawasiliano, naye anadhani kazi yenyewe iko Nairobi, kwenye majengo ya vioo ya kampuni za matangazo, na kwamba huku nyumbani anasubiri tu cheti. Dhana hiyo humpotezea mtu miaka minne mizima.

Kuchagua kozi

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katika vyuo vyetu somo hili hukaa katika nyumba mbili. Masoko yako upande wa biashara, pamoja na uhasibu, takwimu na usimamizi. Mawasiliano yako upande wa vyombo vya habari, pamoja na uandishi, redio, video na mahusiano ya umma. Mkakati wa promosheni unasimama kizingitini, mguu mmoja kila nyumba. Kwa hiyo usichague kozi kwa jina lake peke yake. Shahada inayoitwa ya mawasiliano inaweza kuwa imejaa uanahabari, nayo ya masoko inaweza kukutoa chuoni bila kuandika hata tangazo moja la redio.

Kwa bahati, kaunti hizi mbili zina vyuo vikuu vya umma vyao wenyewe. Chuo Kikuu cha Rongo, kule Kitere katika Kaunti ya Migori, kilianza mwaka 2011 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi na kikapewa hati ya kujitegemea mwaka 2016. Kina kitivo kizima cha habari, mawasiliano na vyombo vya habari. Chuo Kikuu cha Tom Mboya, mjini Homa Bay, kilianza mwaka 2016 chini ya Maseno kabla ya kusimama peke yake, nacho hufundisha masomo ya biashara. Kuingia shahada kunahitaji wastani wa C+ katika KCSE, na nafasi huombwa kupitia KUCCPS. Kama ulipata C- au zaidi, diploma ni mlango halali, na wengi wamepitia hapo wakafika shahada wakiwa wameiva kuliko wenzao. Hakikisha kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na omba mkopo wa HELB mapema, kwa sababu kozi hii ina gharama ambazo karatasi ya karo haizitaji: data za intaneti, nauli ya nyanjani, uchapishaji.

Kabla ya kuthibitisha nafasi yako, nenda idarani ukaulize mambo manne. Je, kuna kazi ya kozi inayomtaka mwanafunzi amhudumie mteja halisi? Mafunzo ya nyanjani huchukua wiki ngapi, na ni nani hutafuta mahali? Kuna studio au vifaa vya kurekodi ambavyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kuvigusa? Na je, naweza kuchukua masomo mawili matatu kutoka kitivo cha pili? Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Ukiwa upande wa biashara, tafuta somo la uandishi na utayarishaji wa vipindi. Ukiwa upande wa mawasiliano, tafuta takwimu na uhasibu wa mwanzo, hata kama hesabu ilikutesa sekondari. Anayeandika vizuri bila kujua hesabu ataajiriwa kupamba mawazo ya mwingine, na anayejua hesabu bila kuandika hatasikilizwa.

Mwalimu aliyezikwa Rusinga

Kabla hujafungua kitabu cha Marekani, panda gari la Mbita, vuka hadi Rusinga, utembelee kaburi la Tom Mboya. Wengi humkumbuka kama mwanasiasa aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mwanafunzi wa mawasiliano amkumbuke pia kama mtu aliyeendesha kampeni mojawapo bora kabisa zilizowahi kubuniwa na Mkenya.

Mwaka 1959 vijana wengi wa Kenya walikuwa wamekwisha kupata nafasi katika vyuo vya Marekani, na baadhi yao ufadhili wa masomo pia. Walichokosa ni nauli ya ndege. Mboya, kijana wa miaka 28, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikwenda Marekani kuhutubia vyuoni, kwenye mikutano ya wafanyakazi na hata kwenye televisheni. Angeweza kuwaomba Wamarekani waisaidie Afrika, na wangempigia makofi kisha waende zao. Badala yake aliwaomba kitu ambacho mtu anaweza kukitoa leo: nauli ya mwanafunzi ambaye chuo kinamngoja. Barua ya kuchangisha fedha ilitiwa sahihi na Jackie Robinson, mchezaji maarufu wa besiboli, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, watu ambao walengwa waliwapenda na kuwaamini. Septemba mwaka huohuo ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliosafiri mwaka huo wa 1960. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1963, vijana takriban 800 wa Afrika Mashariki na nchi jirani walikuwa wamekwenda.

Chukua daftari uichambue kampeni hiyo kama mtihani. Tatizo halisi lilikuwa lipi? Nauli, si nafasi za masomo. Walengwa walikuwa akina nani? Si Wamarekani wote, bali wanafunzi, wafanyakazi waliojiunga na vyama, na Wamarekani weusi waliokuwa wakipigania haki zao wenyewe wakati uleule. Ombi lilikuwa moja, lenye bei inayojulikana. Wasemaji walichaguliwa kwa kuaminika kwao mbele ya hadhira ile. Na matokeo yalihesabika, kwa sababu kiti cha ndege ama kina mtu ama hakina. Kampeni nyingi utakazoziona maishani mwako zitakuwa zimekosa mawili au matatu kati ya hayo, na mara nyingi kilichokosekana ni lile la kwanza: walianza kuandika matangazo kabla ya kujua tatizo ni nini.

Nadharia zinazotembea huku kwetu

Utafundishwa P nne ambazo E. Jerome McCarthy aliziandika mwaka 1960: bidhaa, bei, mahali na promosheni. Zijue, na ujue pia kwamba promosheni ndiyo ya mwisho katika orodha, na mara nyingi haiwezi kurekebisha makosa ya zile tatu. Samaki aliyeoza hauziki kwa redio.

Nadharia mbili nyingine nakusihi uzisome kwa makini zaidi, kwa kuwa zinafanana sana na maisha ya hapa. Ya kwanza ni ya Elihu Katz na Paul Lazarsfeld, mwaka 1955: ujumbe wa vyombo vya habari hauingii moja kwa moja kichwani mwa kila mtu, bali hupitia kwanza kwa watu wanaosikilizwa katika jamii, nao ndio huupeleka kwa wengine kwa maneno yao wenyewe. Ya pili ni ya Everett Rogers, mwaka 1962, kuhusu jinsi jambo jipya linavyoenea: wachache hujaribu kwanza, wengi huwatazama hao wachache, na wa mwisho hufuata wakati jambo limekuwa la kawaida.

Sasa zitumie kwa jambo lililotokea Nyanza. Desemba 2006 utafiti uliofanyika Kisumu, pamoja na mwingine wa Rakai nchini Uganda, ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: tohara ilipunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara iwe sehemu ya kinga, na mwaka 2008 Kenya ikaanzisha mpango wake, Nyanza ikiwa mstari wa mbele. Hebu fikiria ugumu wake. Wajaluo kwa jadi hawakutahiri; alama ya utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Kutotahiriwa lilikuwa suala la utambulisho, na katika siasa za Kenya lilikuwa limegeuzwa kuwa tusi. Mtu mgeni mwenye bango zuri na bajeti kubwa angefukuzwa.

Mpango ule ulifanikiwa kwa kuwa uliheshimu hayo yote. Ujumbe haukuwaambia watu waache mila; ulizungumzia afya, tena kwa hiari. Wazee waliokuwa na wasiwasi walisikilizwa. Wanasiasa wa eneo hili, Raila Odinga akiwemo, walijitokeza hadharani kuunga mkono. Wanawake walihusishwa, kwa kuwa uamuzi wa mwanamume nyumbani una masikio mawili zaidi. Huduma ilikuwa ya bure na ilisogezwa karibu na watu, maana ujumbe unaomtuma mtu kwenye huduma isiyokuwepo huua imani. Mwishoni mwa mwaka 2009, katika kampeni ya siku 30 za kazi, zaidi ya wanaume 36,000 walitahiriwa Nyanza. Ukimwelewa Rogers kupitia kisa hiki hutamsahau, na siku ya mtihani utakuwa na mfano ambao mwenzako wa chuo cha mbali hana.

Kisa cha pili ni kifupi. Kiwanda cha sukari cha Awendo, South Nyanza, kilikuwa na timu ya kandanda, SoNy Sugar, iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006. Jina la kiwanda likasomwa na kutangazwa na redio kila wikendi kote nchini, bila kulipiwa dakika moja ya tangazo. Huo ndio ufadhili wa michezo katika kilele chake. Katika msimu wa 2019/20 timu hiyohiyo iliondolewa ligini baada ya kushindwa kufika kwenye mechi, na jina lilelile likasomwa tena kila mahali, safari hii kwa habari mbaya. Andika insha yako ya ufadhili juu ya pande zote mbili.

Mradi wa kwanza: tafuta mteja mmoja

Usingoje mwaka wa tatu. Katika muhula wako wa pili tafuta mtu mmoja mwenye kitu cha kuuza au cha kueleza, umwombe akuruhusu umhudumie bure kwa miezi mitatu. Anaweza kuwa mama mwenye kibanda cha samaki wa kukaanga karibu na stendi ya Homa Bay, kikundi cha wakulima wa viazi vitamu Kabondo, fundi viatu wa Rongo, chama cha akiba, au zahanati inayotaka kina mama wahudhurie kliniki mapema. Mweleze waziwazi kwamba wewe ni mwanafunzi na unajifunza kwake. Mwite kwa heshima yake, mama au mzee, keti anapokuketisha, na siku ya kwanza usitoe ushauri wowote.

Siku hiyo ya kwanza ni ya kuuliza na kutazama. Nani hununua? Huja saa ngapi? Nani hupita bila kununua, na huenda kununua wapi? Wateja humwitaje, na wanaisemaje bidhaa yake wanapomsifia kwa jirani? Andika maneno yao yaleyale, usiyasafishe. Tangazo zuri mara nyingi huwa limekwisha kusemwa na mteja, nawe kazi yako ni kulisikia tu.

Kisha andika mkakati usiozidi ukurasa mmoja. Nasisitiza ukurasa mmoja, kwa sababu wanafunzi hupenda kujaza kurasa arubaini za majedwali ambayo mteja hatayasoma. Eleza tatizo kwa sentensi moja. Taja kundi moja la watu unaotaka kuwafikia. Andika unataka wafanye nini, kwa kitenzi kinachoonekana: waje, wanunue, wapige simu, wapime. Andika sababu moja itakayowafanya wafanye hivyo. Taja njia mbili utakazotumia, gharama yake, na namna utakavyojua kwamba umefaulu au umeshindwa.

Ugumu uko kwenye neno moja: kundi. Chukua Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe iliyoko Kaunti ya Migori, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zake zilijengwa bila chokaa wala saruji, pengine katika karne ya 16, na zimesimama hadi leo. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ukipewa kazi ya kuitangaza, mkono utakuwasha uandike ujumbe kwa watalii wote. Acha. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi anataka kujua usalama wa watoto, basi litafika wapi, na ziara inaingia wapi katika mtaala. Mjaluo anayeishi Ulaya na kurudi nyumbani Desemba anataka kuwaonyesha watoto wake kwamba mababu walikuwa wajenzi. Mtalii wa kigeni anataka kujua barabara, malazi, na kitu gani kingine kiko karibu, labda korongo wa hifadhi ya Ruma katika bonde la Lambwe, swala ambao katika Kenya nzima hupatikana huko tu. Hizo ni kampeni tatu, kwa lugha tatu na nyakati tatu za mwaka. Ukiwa na shilingi elfu kumi, chagua moja.

Kuhusu kupima, usiogope hesabu ndogo. Tuseme umetumia shilingi 6,000 kumtangaza muuza samaki, na ukaweza kuthibitisha kwamba wamekuja wateja wapya 40. Kila mmoja amekugharimu shilingi 150. Kama faida ya sahani moja ni shilingi 100, basi siku ya kwanza mama amepoteza 50 kwa kila mteja. Je, kampeni imeshindwa? Inategemea wangapi watarudi. Mteja akirudi mara tatu, ameleta jumla ya 400 na kubakisha 250. Ndiyo maana utamwomba mama aweke daftari la siku hamsini badala ya siku tano, na ndiyo maana utawauliza wateja wapya walisikia wapi. Watu elfu mbili wakilitazama tangazo lako kwenye TikTok na asije hata mmoja, andika hivyo kwenye ripoti. Mhadhiri makini atakupa alama kwa ukweli huo.

Lugha na njia

Mwanafunzi wa hapa ana utajiri ambao hauna bei Nairobi. Ukizungumza Kijaluo, Kiswahili, na Kikuria au Ekegusii, wewe tayari una theluthi ya kazi. Redio za Kijaluo kama Ramogi na Mayienga husikilizwa kuanzia Kendu Bay hadi Muhuru, na huko Mfangano kuna Ekialo Kiona, redio ya jamii inayotangaza kwa Kisuba, lugha ambayo wasemaji wake wengi wamehamia Kijaluo. Mpakani Isebania, Wakuria wako pande zote mbili, na ujumbe wako utavuka hadi Sirari bila pasipoti. Huko Sheng itakuangusha. Tumia Kiswahili safi ambacho mtu wa mkoa wa Mara, Tanzania, atakielewa, na ukitaja bei sema ni shilingi ya nchi gani.

Huniudhi sana kuona bango la afya lililoandikwa Kiingereza ofisini, likatafsiriwa neno kwa neno, na kutundikwa kwenye zahanati ambako nyanya mwenye mjukuu mgongoni hawezi kuling'amua. Usitafsiri. Andika upya kwa lugha ya msikilizaji, kisha ujaribu: msomee mtu mmoja wa kundi lile, umwombe akueleze alichoelewa kwa maneno yake. Fanya hivyo kwa watu watano kabla ya kuchapisha. Gharama yake ni soda tano, na itakuokoa aibu ya mabango mia tano.

Njia za kupitisha ujumbe ni nyingi kuliko zilizo vitabuni. Kuna matangazo ya kanisani baada ya ibada, vikao vya chama, kundi la WhatsApp la wazazi, boda boda wa kona moja wanaojua kila mgeni, kamati za usimamizi wa ufuo, na gari lenye kipaza sauti siku ya soko. Mikutano ya mazishi nayo hukusanya watu wengi, lakini hapo tumia busara: familia inaomboleza, na anayegawa vikaratasi vya promosheni msibani amejiharibia jina kwa mwaka mzima. Mitandao ya kijamii itumie, hasa kwa vijana na kwa walio mbali. Ila kabla ya kulipia tangazo la Facebook, hakikisha mnunuzi wako ana simu inayoliona.

Mipaka ambayo lazima uijue

Somo la sheria na maadili huwekwa mwishoni mwa kozi na wengi hulisoma usiku wa kuamkia mtihani. Lisome mapema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu kuchukua namba za simu za waliohudhuria hafla ukazitumia kuwatumia matangazo bila idhini yao, na ipo ofisi ya kamishna inayopokea malalamiko. Sheria ya mwaka 2012 inakataza kutangaza maziwa ya kopo badala ya maziwa ya mama, hata kwa zawadi ndogo kliniki. Sheria ya kulinda wanunuzi ya mwaka huohuo inamshika anayedanganya kuhusu ubora wa bidhaa. Mwishoni mwa Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa nchini kwa siku 30. Kama ungekuwa umejenga kazi yako yote juu ya mteja mmoja wa aina hiyo, ungekuwa umekaa bure mwezi mzima. Kibaya zaidi, ungekuwa umewauzia wadogo zako ndoto inayowamaliza.

Tumbaku ndiyo itakayokufikirisha zaidi ukiwa Migori. Sheria ya mwaka 2007 ilipiga marufuku kuitangaza, lakini Kuria na maeneo jirani zipo familia zilizosomesha watoto kwa zao hilo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, FAO, WFP na serikali walianzisha Migori mpango wa kuwawezesha wakulima kuhama tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Ukitafuta mada ya tasnifu ya mwaka wa nne, hiyo hapo. Mkulima haachi zao kwa sababu ya bango. Huacha akiona soko la uhakika, mbegu, na jirani aliyefanikiwa. Nenda ukamuulize alisikia nini, kutoka kwa nani, na kwa nini alikubali au alikataa.

Nyanjani na baada ya hapo

Barua za kuomba mafunzo ya nyanjani ziandike miezi minne kabla. Usipeleke barua moja iliyonakiliwa kwa ofisi ishirini. Tembelea ofisi, tazama kazi yake, na katika barua yako taja jambo moja ambalo ungeweza kulifanya bora. Fikiria idara za mawasiliano za kaunti, hospitali, redio za hapa, vyama vya akiba na mikopo, viwanda vya sukari, hoteli za kando ya ziwa, na mashirika ya afya. Matukio makubwa nayo yatafute: tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Homa Bay, zikibeba mada ya uchumi wa majini, na Agosti mwaka huo mji huohuo ukapokea kongamano la ugatuzi la kaunti zote. Wageni walihitaji vyumba, usafiri, chakula, vielekezi na habari. Kila moja ya hizo ni kazi ya mtu aliyesomea ulichosomea.

Ukiwa nyanjani, weka nakala ya kila ulichoandika, kwa ruhusa ya ofisi, na usiitoe siri ya mteja wako hata kwa rafiki wa chumba. Ukimaliza mwaka wa nne uwe na mkoba wa kazi tano au sita: tangazo la redio kwa lugha mbili, ukurasa mmoja wa mkakati, picha za kabla na baada, hesabu ya matokeo, na ripoti moja ya kampeni iliyoshindwa pamoja na maelezo ya kwa nini. Jiunge na Chama cha Mahusiano ya Umma cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1971, au na chama cha wataalamu wa masoko, ukiwa bado mwanafunzi. Huko utakutana na watu watakaokuajiri, na utajua wanacholalamikia kuhusu wahitimu: hawaandiki kwa ufupi, na hawajui bei za vitu.

Kwa hiyo, mwenzangu, siku ya soko inayokuja pita sokoni Rongo au ufuoni Homa Bay ukiwa na daftari na kalamu, kabla ya mhadhara wa asubuhi. Salimia mama watatu wanaouza kitu kimoja, mmoja baada ya mwingine. Nunua kidogo kwa kila mmoja. Muulize kila mmoja mteja wake bora ni nani na alimpataje, na usiandike lolote mpaka amalize kusema.